Boti kuukuu ya mfereji: uirudishe kwa mbao, kwa ribiti, au uchomelee tu?

Wadau, wiki tatu zilizopita jamaa yangu anayeishi Wolverhampton, Uingereza, kanipigia simu usiku, kaonyeshwa boti ya zamani ya mfereji, ndefu kama behewa, bei ya kutupa, muuzaji anataka jibu na yeye hajui hata aanzie wapi maana kila anayemuuliza anampa lake. Mmoja kamwambia afumue mbao zote, mwingine kasema bila ribiti, vile vijiti vya chuma vinavyopigwa moto kushikanisha vipande vya chuma, umeua historia, wa tatu kasema achana na mambo ya makumbusho, chomelea sahani mpya za chuma uende zako. Mie Jumamosi zangu nyingi nashinda yadi ya boti na wazee wa kujitolea, kazi yangu kushika nyundo na kuchemsha chai, na utotoni Tanga nilikuwa napelekwa kwa mjomba aliyekuwa fundi wa mashua, kwa hiyo njia zote tatu nimeziona zikifanywa vizuri na nimeziona zikifanywa hovyo. Nikaona badala ya kumjibu yeye peke yake niandike hapa.

Kwa wasiozijua: hizi ni boti za mizigo za Uingereza ya kati, upana futi 7 hivi, urefu futi 70 hadi 72. Umbo hilo la penseli halikuja kwa mapenzi ya mtu, limetokana na loki, vile vyumba vya maji vyenye milango vinavyopandisha na kushusha boti, ambavyo mhandisi James Brindley na wenzake walivijenga vyembamba karne ya 18 kuokoa pesa na maji. Mfereji wa Bridgewater ulifunguliwa 1761 kwa ajili ya kupeleka makaa ya mawe Manchester, ule wa Trent and Mersey ukakamilika 1777, na boti moja ikivutwa na farasi mmoja ilibeba tani 25 hivi. Reli ikaja ikawabana, malori yakamalizia, kampuni kubwa zikataifishwa 1948, halafu baridi ya 1962 kuingia 1963 mifereji ikaganda miezi na biashara yenyewe ikafa. Zilizobaki ndizo hizi tunazogombania.

Kwanza, tunalinganisha kwa vigezo gani

Nimechagua vitano. Ukale, yaani baada ya kazi kitabaki nini cha zamani, na hapa watu wengi wanajidanganya. Fundi na vifaa, utawapata wapi. Pesa na muda. Matunzo ya baadaye, maana boti haikarabatiwi mara moja ikaisha. Na mwisho kazi yake: utaishi ndani, utaonyesha watu, utasafiri, au utaitazama tu.

Jambo moja kabla hatujaenda mbali. Njia huchagui wewe peke yako, boti nayo ina sauti. Boti ya mbao tupu huwezi kuitia ribiti, ukiivalisha chuma juu ya mbao mara nyingi unaozesha mbao ndani kwa ndani na utakuja kulia. Njia zote tatu zinakutana hasa kwenye boti za mchanganyiko, zile zenye mbavu, yaani kuta za pembeni, za chuma na tumbo la mbao za mti wa elm, na hiyo ya jamaa yangu ni ya aina hiyo. Kama bado hujanunua basi uwanja wako, chagua njia kwanza ndio utafute boti.

Njia ya mbao

Ukale: hapa ndipo penye kitendawili. Boti ya mbao ya miaka ya 1930 iliyotunzwa vizuri inaweza isiwe na ubao hata mmoja wa miaka hiyo. Ndivyo ilivyokuwa hata zikiwa kazini, ubao ukioza unatoa unaweka mwingine, kama mjomba alivyokuwa anaifanya mashua ileile miaka na miaka mpaka kilichobaki cha mwanzo ni mkuku na jina. Kwa hiyo mbao zenyewe huziokoi, unachookoa ni mkono wa fundi, ile namna ya kupima, kuchonga, kupinda. Kama kwako ukale maana yake ni kile kipande chenyewe kilichoguswa na watu wa zamani, njia hii itakuvunja moyo. Kama ukale kwako ni ule ujuzi, hakuna njia inayoikaribia.

Fundi na vifaa: mbavu ni mwaloni, na mbao za mbele na nyuma lazima zipindwe. Zinawekwa kwenye sanduku refu la mvuke, kanuni ya wazee ni saa moja kwa kila inchi ya unene, halafu ukifungua sanduku una dakika chache tu kabla haujapoa ukagoma. Watu watano sita wanaukimbiza ubao na glavu, mmoja anapiga kelele, unabanwa, unapindwa, unapigiliwa. Nimefanya mara mbili na mara zote mbili sikumbuki nilichofanya, nakumbuka jasho tu. Tumbo linapangwa kwa mbao nene za elm zilizolala kukingama, si kwa urefu, tofauti kabisa na mashua zetu ambazo mbao zinafuata mkuku toka omo hadi tezi.

Kalafati huku wanatumia nyuzi za kamba zilizolowekwa lami, zinashindiliwa kwenye mianya kwa patasi butu na nyundo ya mbao halafu inapitishwa lami ya moto. Mlio wake, mtu wa pwani ukifumba macho uko nyumbani, ila sisi ni pamba na mafuta. Na kama sisi tulivyo na deheni, wao wana dawa yao inaitwa chalico: lami, samadi ya farasi na nywele za ng'ombe, vinachemshwa pamoja vinapakwa vikiwa moto. Harufu yake sitaielezea. Ila inafanya kazi, na farasi alikuwa palepale anaizalisha bure.

Shida kubwa ni elm. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 ugonjwa wa fangasi unaosambazwa na wadudu uliua mamilioni ya miti hiyo Uingereza nzima, na elm ndiyo mbao inayovumilia kukaa chini ya maji miaka bila kuoza. Leo kupata ubao mpana ni kubembeleza, wengine wanatumia mwaloni, wengine mbao za kitropiki, na ukisikia fundi wa Kiingereza anataja iroko usishangae, huo ni mvule wetu.

Pesa na muda: usijidanganye, ni miaka. Mbao ni ghali, fundi ni wachache na wana foleni. Ukiwa na kikundi cha kujitolea pesa inapungua lakini miaka inaongezeka.

Matunzo: mashua ya Tanga adui yake ni mdudu wa baharini anayetoboa mbao kwa chini, ndiyo maana tunazipandisha ufukweni tunapaka. Boti ya mfereji mdudu huyo hana, maji ni baridi hayana chumvi, adui wake anatoka juu: mvua. Maji ya mvua yakituama kwenye kona ya ubao ndio mwanzo wa kuoza. Kwa hiyo turubai, kila siku, na uiache chini iwe majini muda wote maana ikikaa nchi kavu mbao zinasinyaa, ukiirudisha inavuja kama kapu mpaka zivimbe tena. Ngama, yale maji yanayojikusanya ndani chini, utaikausha kwa pampu hata usiku wa Krismasi.

Inamfaa nani: mwenye subira, mwenye watu, anayetaka kujifunza au kufundisha. Huko Ashton-under-Lyne kuna Wooden Canal Boat Society, boti zao za mbao wanazikarabati na kuzitumia kwa shughuli za jamii, ukitaka kuonja kazi hii kabla hujanunua tanuru lako la pesa nenda kajitolee kule kwanza. Haimfai mtu anayetaka nyumba ya bei nafuu ya kulala mwezi ujao.

Njia ya ribiti

Ukale: hii ndiyo njia ambayo chuma chenyewe cha zamani kinabaki na ufundi wake pia unabaki, ukibadilisha sahani tatu zilizochoka zile nyingine ishirini bado ni zilezile. Na historia yake ni ya viwanda hasa. Kampuni ya Fellows, Morton & Clayton ilikuwa na yadi yake Saltley, Birmingham, ikijenga boti za mbavu za chuma na tumbo la elm, na ile boti ya mvuke President waliyoitengeneza 1909 mpaka leo ipo. Miaka ya 1930 kampuni ya Grand Union ikaagiza boti kwa mkupuo, za chuma zikatoka Yarwood kule Northwich na Harland & Wolff pale Woolwich, ndiyo, walewale wa Titanic ila yadi nyingine. Za mbao zikatoka kwa Walker, Rickmansworth. Mpaka leo wenye nazo wanatajana kwa jina la yadi kama watu wanavyotajana kwa ukoo.

Fundi na vifaa: ribiti ni kazi ya timu. Mmoja yuko kwenye moto, anaipasha mpaka iwe nyekundu ya kuelekea chungwa, anairusha au anaipeleka kwa koleo, mwingine anaiingiza tunduni na kuikandamiza kwa chuma kizito upande mmoja, upande wa pili mtu anaipiga kichwa kabla haijapoa. Ikipoa inasinyaa, inavuta sahani mbili zinabanana zenyewe, huo ndio ujanja wote. Halafu ukingo wa sahani unafinywa kwa patasi maji yasipite. Ukitoboa matundu ya sahani mpya yakapishana na ya zamani hata milimita mbili tatu, siku nzima imeharibika, na hapo ndio utajua rafiki ni nani.

Kuna kitu cha kukagua mapema. Boti za zamani zaidi zina chuma cha kufua, si chuma cha kisasa. Hicho kina nyuzinyuzi za taka za tanuru ndani yake kama mbao, kinastahimili kutu vizuri kuliko chuma cha leo, lakini uzalishaji wake wa kibiashara Uingereza uliisha miaka ya 1970, kwa hiyo ukihitaji kipande kipya unatafuta cha zamani kilichotoka mahali pengine. Na ukikichomelea vibaya kinafumuka matabaka. Mkaguzi asiyekijua atakuambia boti imekufa, anayekijua atakuambia hicho ndicho kipande kizuri kuliko vyote ulivyo navyo.

Pesa na muda: chuma si ghali sana, mikono ndio ghali. Kazi ambayo mchomeleaji mmoja anaimaliza siku mbili, timu ya ribiti inaweza kula wiki mbili. Na majirani watakuchukia, yale makelele si mchezo.

Matunzo: nafuu kuliko mbao. Kila miaka miwili au mitatu unaipandisha kwenye chelezo, unaisugua, unaipaka rangi nyeusi ya lami. Vichwa vya ribiti vinavyosugua kuta za loki vinalika, vile vya kwenye kona viangalie sana. Kama tumbo bado ni la elm basi hiyo elm siku moja itaoza tu, na swali la "mbao au chuma chini" litarudi tena mezani.

Inamfaa nani: mwenye boti ya jina, ya yadi inayojulikana, iliyokamilika urefu wake, na mwenye bajeti ya kulipa watu au uhusiano na yadi ya urithi. Ellesmere Port kwenye jumba la makumbusho la mifereji, na Black Country Living Museum kule Dudley, kuna mazingira ya kuona kazi hizi na watu wa kuongea nao. Kama boti ilishakatwa vipande viwili, maana miaka ya nyuma nyingi zilikatwa zikafanywa za starehe, fikiria kama kuna sababu ya kutia ribiti mia nne kwenye nusu boti.

Njia ya kuchomelea

Watu wa urithi wanaidharau hii, na mie sikubaliani nao. Bila mchomeleaji, nusu ya boti hizi zingekuwa vyuma chakavu.

Ukale: unaokoa umbo, jina na uhai wa boti, unapoteza ufundi wa kwenye mwili. Kuna namna mbili. Ya kwanza kukata sahani iliyokufa na kuweka mpya. Ya pili kuvalisha sahani juu ya ile ya zamani. Ya pili ni rahisi na inaficha, maji yakiingia katikati ya sahani mbili kutu inakula bila wewe kuona. Upande wake mzuri ni kwamba chuma cha zamani bado kiko chini, siku mtu mwenye hela akija anaweza kuvua. Vichwa bandia vya ribiti vya kubandika, mimi navikubali kwa macho ya mita kumi, ila mwambie mnunuzi ukweli.

Fundi na vifaa: wachomeleaji wa boti wako kila kona ya Midlands, huko Uingereza ya kati. Usichukue wa mageti. Na kabla ya cheche yoyote toa mbao za ndani, toa lami, toa vumbi la makaa ya miaka 80 lililojificha kwenye mbavu, maana hilo linawaka taratibu usiku wewe umelala. Rangi za zamani zina madini ya risasi, moshi wake ni sumu.

Pesa na muda: hapa hakuna ubishi, wiki badala ya miaka. Ndio maana bima nayo inaipenda: mkaguzi anapima unene kwa mashine ya mawimbi ya sauti, na kampuni nyingi za bima zinataka angalau milimita 4.

Matunzo: kama ya ribiti, chelezo na rangi nyeusi. Ila piga hesabu ya uzito. Sahani ya milimita 6 ina kilo 47 hivi kwa mita ya mraba, tumbo la mita 21 kwa 2 ni mita za mraba 42, hapo umeongeza tani mbili karibu. Kwa boti tupu iliyozoea kubeba tani 25 hizo ni mchuzi tu, tena itatulia. Kwa iliyofupishwa na kujazwa jiko, bafu na majiko ya kuni, ni hatari, matundu yake ya hewa na ya injini yanasogea karibu na maji. Nimewahi kuona boti iliyovalishwa sahani mara mbili na fundi ambaye simtaji, ilikaa majini kama mtu aliyeshiba pilau, na mwenyewe akaja kujua siku imelala chini ya loki.

Inamfaa nani: anayetaka kuishi ndani, kusafiri, mwenye pesa za mwaka mmoja si za miaka kumi. Haimfai mwenye boti adimu ambayo chuma chake ni cha kufua na bado kizima.

Mambo yanayohusu zote

Watu wakisema ufundi wa asili wanafikiria tumbo tu, wakati hata boti iliyochomelewa unaweza kuirudishia roho kwenye chumba cha nyuma. Kile chumba kina futi 10 hivi na familia nzima iliishi humo, kitanda cha kukunja kimekingama, meza inayofungwa ikawa mlango wa kabati, jiko la makaa, maua ya waridi na makasri yaliyochorwa kila mahali palipo wazi, masahani ya mapambo yenye kamba ya lesi. Uchoraji huo na kazi za kamba unajifunza, na gharama yake ni rangi na macho yako.

Injini ni kesi nyingine. Bolinder ya silinda moja unaipasha kichwa kwa moto kabla haijawaka, na ukitaka kurudi nyuma unaiacha karibu izime halafu unaichokoza izunguke kinyume. Ukiibadilisha umerahisisha maisha, umepoteza ule mlio ambao nusu ya wanaokuja kukutazama wanaufuata. National, Lister na Russell Newbery ni za kati, vipuri na watu wanaozijua bado wapo.

Urefu nao: futi 72 haupiti kila mahali, mfereji wa Leeds na Liverpool sehemu kubwa loki zake ni futi 60 na ushee, wa Calder na Hebble ni 57. Usije ukaikata boti nzima kwa ajili hiyo bila kufikiri mara saba. Na kuhusu usajili, National Historic Ships wanaorodhesha zenye zaidi ya miaka 50 na urefu wa futi 33 kwenda juu, ushauri wao ni mzuri ila orodha hiyo si ngao ya kisheria wala si hundi. Cheti cha usalama cha kila miaka minne na leseni utavihitaji njia yoyote utakayochukua.

Kuna pia njia ya nne watu hawaitaji: kutoifanya chochote. Friendship, boti ya farasi ya mzee Joe Skinner, imehifadhiwa Ellesmere Port nchi kavu chini ya paa. Kuna boti ambazo zikitengenezwa tu zinapoteza walichokiacha wenyewe.

Sasa wewe uko wapi?

Kama ni boti ya mbao na huna kikundi, usinunue peke yako, jiunge na walio nazo. Kama ni mbao na kikundi mnacho, paa kwanza, mbao baadaye, boti inaoza mkiwa mnachangishana.

Kama ni mchanganyiko na mbavu ni za chuma cha kufua kizima, acha mbavu, jadili tumbo tu: elm kama unataka kila kitu kiwe kama zamani na utakuwa karibu kuitunza, chuma cha kufungwa kwa boliti au ribiti kama unataka kulala usingizi.

Kama ni ya chuma ya miaka ya 1930, urefu kamili, yadi inajulikana, jaribu ribiti hata kwa sehemu zinazoonekana juu ya maji, chini huko chomelea na uandike na kupiga picha kila ulichobadilisha.

Kama imeshakatwa, imeshavalishwa, imeshapitia mikono mingi, na wewe unatafuta pa kuishi, chomelea bila aibu halafu roho yako imwage kwenye kile chumba cha nyuma.

Na kama uko kama jamaa yangu, muuzaji anakukimbiza na boti iko majini hujaona tumbo lake, jibu ni hapana mpaka ipande chelezo. Kakodi chelezo kwa Jumanne ijayo, mkaguzi anakuja saa mbili asubuhi, nami nimeambiwa nije na nyundo.